Mashine Zilizoamka Zimeshiba

Jioni ya Jumatano Habumugisha alizima kompyuta zote nne kwa mkono wake, moja baada ya nyingine, akasubiri mpaka kila kioo kikawa cheusi. Asubuhi ya Alhamisi akaziwasha, akafungua lile dirisha dogo linaloonyesha mashine inatumia nini, akakuta memori imejaa asilimia sabini na moja. Ilikuwa saa moja na nusu. Hakuna mtu aliyekuwa amegusa hata kitufe kimoja. Akakaa akiitazama namba ile kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta mgeni asiyemjua yuko mezani na ameshakula.

Mama Felicitas, karani wa kituo, aliingia na ndoo ya maji na kitambaa cha kufutia meza.

"Shikamoo, mama," Habumugisha alisema bila kugeuka.

"Marahaba, waitu, mwanangu. Zimeamkaje leo?"

"Zimeamka zimeshiba."

Mama Felicitas hakuuliza zaidi. Alikuwa amelisikia jibu hilo kwa siku kumi na mbili mfululizo.

Nayo siku yenyewe ilikuwa ya mwisho. Saa kumi kamili jioni mfumo wa usajili wa watahiniwa ungefungwa, na safari hii hakukuwa na nyongeza. Mkuu wa kituo, Mwalimu Ambrose, alipiga simu mara mbili kuuliza na mara zote mbili akajibiwa hivyo hivyo. Kituo chao cha elimu ya watu wazima pale Isingiro kilikuwa na watahiniwa thelathini na wanane wa kidato cha nne: wakulima wa migomba na kahawa, mafundi cherehani, waendesha bodaboda wawili, na mama mmoja mwenye wajukuu. Ishirini na saba walikuwa wameshaingizwa. Walibaki kumi na mmoja, na huyo wa kumi na moja, ambaye fomu yake ilikuwa chini kabisa ya rundo, alikuwa Anonciata, mke wa Habumugisha.

Fomu ile aliiweka chini yeye mwenyewe, Jumatatu asubuhi, mbele ya Mama Felicitas. Hakutaka mtu aje kusema fundi alianza na mke wake. Watu wa Isingiro wana macho, na midomo wanayo pia. Jumatatu ile, akiwa na kompyuta nne na siku nne za kazi, kuiweka chini hakukuwa na uzito wowote. Ilikuwa adabu tu.

Anonciata aliacha shule akiwa kidato cha tatu, na miaka kumi na tisa, kwa sababu ya ujauzito wa Nikuze, binti yao wa kwanza. Tangu hapo amekuwa mhudumu katika zahanati moja huko Songambele. Anafua mashuka, anashika taa umeme ukikatika wakati mama anajifungua, anajua mtoto aliyekaa vibaya kwa kushika tumbo tu, na wauguzi wenye vyeti humwita pembeni kumuuliza. Mwaka jana uongozi wa zahanati ukatoa tangazo: ifikapo Juni itakayofuata mtihani wa mwaka huu, asiye na cheti cha kidato cha nne aondoke. Mtihani wa Novemba hii ndio pekee ambao matokeo yake yangewahi hiyo Juni. Wa mwaka ujao ungekuwa wa kufurahisha roho tu. Ndiyo maana kwa mwaka mzima Anonciata alitoka kazini, akapita njia ya migombani mpaka Isingiro, akakaa darasani mpaka giza likaingia, akarudi nyumbani kupika.

Na mfumo wenyewe ulikuwa na masharti kama posa ya kwa wakwe wakali. Mtahiniwa lazima awepo mwenyewe apigwe picha mbele ya kompyuta. Watahiniwa wanaingizwa kwa kundi, na kundi halihifadhiwi popote mpaka litumwe. Kila ukifungua kundi jipya, namba ya siri inakuja kwenye simu ya Mwalimu Ambrose, na kwa siku zinakuja namba tatu, hakuna ya nne. Kwa mashine nzima, masharti hayo yanavumilika. Kundi la watu kumi ni kazi ya saa moja. Kwa mashine zinazoganda ukifika mtu wa tano au wa saba, ni kilio.

Habumugisha alikuwa fundi mzuri, na ubaya wa habari hii uko hapo hapo. Angekuwa fundi mbovu, zile kompyuta zingekuwa nzima.

Kabla yake, ofisi ile iliishi kienyeji. Mtandao ulitoka kwenye simu ya Mwalimu Ambrose, kidogo kidogo, na kompyuta hazikuwahi kupokea masasisho yoyote. Umeme ulikatika ulipotaka. Na ilipofika mvua kukawa na utaratibu ambao hakuna aliyeuandika: ngurumo ya kwanza ikisikika ng'ambo ya Mto Kagera, Mama Felicitas anapaza sauti, "Enkuba!" yaani radi, na kila mtu anaruka kwenye soketi. Hakuna kuhifadhi wala kuaga. Waya unachomolewa ukutani mashine ikiwa inafanya kazi, kisha vioo vinafunikwa vitenge, maana kioo kinaita radi, kila mtu pale anajua, awe Mnyambo, Mhaya au mtu ambaye babu yake alitoka Rwanda. Mama Felicitas alikuwa na sababu yake. Kaka yake mkubwa aliuawa na radi akiwa ndani, ameketi kitandani, anafunga kamba za viatu.

Mwaka juzi, katika kuchomoa kule, diski ya kompyuta moja ilikufa ikaondoka na alama za wanafunzi za miaka miwili. Mwalimu Ambrose ndipo alipomwajiri Habumugisha, kijana wa Rugera mwenye stashahada kutoka Bukoba, aje aweke mambo sawa.

Akayaweka. Mwezi Desemba alileta mtandao wa kasi wa dishi, akafungulia masasisho yawe yanajishusha yenyewe, akawaambia kompyuta isiyosasishwa ni nyumba isiyo na mlango. Januari waliowahi kusoma pale walijichanga wakanunua mtego wa radi, chuma kirefu kilichosimikwa juu ya paa na waya wake ukazikwa ardhini, pamoja na betri za kulisha soketi zote umeme ukikatika. Mchungaji akaja akaviombea. Siku hiyo hiyo Habumugisha alibandika karatasi ukutani kwa herufi kubwa: KUCHOMOA WAYA NI MARUFUKU. ZIMA KWA UTARATIBU. Akawafundisha mmoja mmoja, mpaka Mama Felicitas akajua kubonyeza pale panapoandikwa zima, akakunja mikono, akasubiri.

Ilipofika wiki ya pili ya Februari, mashine zikaanza kuvimba.

Alifanya kila alichofundishwa na kila alichokisikia. Alitafuta virusi, hakuna. Alifungua maboksi, akapuliza vumbi, akatoa vipande vya memori akavisugua miguu kwa kifutio cha penseli, akavirudisha. Aliondoa programu tatu. Alizima mashine na kuziwasha mara nyingi kuliko alivyopiga mswaki mwezi ule, maana kuzima na kuwasha ni dawa ya kwanza ya fundi yeyote, na baada ya kila dozi mgonjwa aliamka na homa ile ile. Jumanne aligundua mwizi mwenyewe: kijiprogramu cha kuongozea kadi ya mtandao, kilicholetwa na masasisho, kilikuwa kinachukua nafasi kwenye memori na hakirudishi. Kila dakika kinachukua kidogo, kama jirani anayeazima sufuria. Alifurahi kumjua. Akajaribu kurudisha kijiprogramu cha zamani, mashine ikakataa. Akajaribu kukiondoa, mtandao ukafa na usajili ukasimama nusu siku. Akakirudisha.

Lakini hata baada ya kumjua mwizi, kulikuwa na jambo ambalo hakulielewa. Mashine ikizimwa, memori inamwagika yote. Hilo ni la darasa la kwanza. Sasa inakuwaje iamke imejaa?

"Ni lile lichuma," Mama Felicitas alikuwa amesema tangu mwanzo. "Tangu lisimikwe, mashine hazijapata afya. Mwaka wote wa kuchomoachomoa hazikuumwa."

Mwalimu Ambrose, mtu wa hisabati, hakutaka kuonekana anaamini, ila Jumatano aliuliza kwa sauti ya chini kama chuma kingeweza kushushwa kwa siku mbili tu. Habumugisha alicheka. Alicheka mbele yao, cheko la mtu aliyesoma, akasema radi na memori haviko hata kwenye kitabu kimoja. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini nani angesikiliza la namna ile?

Alhamisi hiyo watahiniwa kumi na mmoja walikuwa barazani tangu saa mbili. Mama Felicitas aliwapangia benchi kwa mfuatano wa fomu, na Anonciata alikaa mwisho, daftari la Biolojia magotini. Aliomba ruhusa kazini kwa siku moja. Dusabe, mshonaji aliyesoma naye dawati moja, alikuwa anamwuliza maswali ya mzunguko wa damu na yeye anajibu bila kutazama daftari. Habumugisha alipopita kwenda chooni wote wawili walimtazama, Dusabe kwa wasiwasi, Anonciata kwa kumwamini. Kule kuaminiwa kulimchoma zaidi.

Namba ya kwanza ya siri waliitumia saa tatu. Waliingiza watu sita. Wa saba alipokaa kupigwa picha, mshale wa kwenye kioo ukasimama. Habumugisha hakugusa kitu. Alikaa dakika arobaini akiomba, kwa kuwa fundi hakati umeme kwenye mashine inayohangaika. Diski iliyokufa mwaka juzi ilikuwa bado kwenye droo yake kama ushahidi. Mwisho programu ikajifunga yenyewe na watu sita wakapotea. Akazima kwa utaratibu. Akawasha. Sabini na tatu.

"Tuhamie mashine nyingine?" Mwalimu Ambrose aliuliza.

"Nimeshahama zote, Mwalimu. Zote ni ndugu."

Wakaacha mashine ipumzike, kana kwamba ni punda. Wakafungua madirisha. Mwalimu Ambrose alileta chai, ikapoa. Saa nane kasoro wakaomba namba ya pili, na safari hii Habumugisha akaamua kuingiza watano tu, atume, halafu namba ya tatu iwabebe sita. Kila mtu alikuwa anakula robo saa sasa. Ukibonyeza herufi unaihesabu ikija. Kutuma nako kulikuwa kunakula dakika sita au saba tangu Jumatatu. Hesabu yote ilikuwa haitoshi na wote watatu walijua, ila mfa maji haachi kutapatapa.

Mtu wa tano alikuwa anaingizwa jina la mzazi wakati anga la ng'ambo lilipokuwa limeshakuwa jeusi bila wao kuangalia. Hawakuwa wameona wingu tangu Januari. Ngurumo ya kwanza ya masika haikuanza mbali kama kawaida. Ilipasuka juu ya paa, vioo vya madirisha vikalia.

Mkono wa Mama Felicitas ulifika kwenye soketi kabla akili yake haijafika. Akachomoa mashine ya kwanza, ya pili, ya tatu, na ile ya nne aliyokuwa akiandikia Habumugisha, kwa mpigo mmoja uliozoea. Kioo kikawa cheusi na watu watano ndani yake.

Habumugisha alisimama akapiga meza.

"Wewe mwanamke mjinga," alisema. "Mjinga kabisa. Umeua watu."

Hakuna aliyewahi kumsikia mtu akimwambia Mama Felicitas maneno hayo. Alikuwa na umri wa mama yake. Barazani mazungumzo yalikatika. Mama Felicitas alibaki ameshika nyaya nne mkononi, uso umesinyaa, akasema taratibu, "Mikono yangu imezoea kuokoa, mwanangu. Haikujua."

Mwalimu Ambrose alizichukua zile nyaya, akazichomeka mwenyewe. Saa ya ukutani ilisema saa tisa na dakika sita. Ikabaki namba moja ya siri, watu kumi na mmoja, na chini ya saa moja. Habumugisha alikaa, machozi yakimtoka waziwazi, hakuyafuta. Mashine iliwaka. Akafungua lile dirisha dogo kwa mazoea tu, kama anayefunua shuka kuona maiti.

Asilimia kumi na tisa.

Akafikiri macho yana maji. Akafuta, akatazama tena. Kumi na tisa. Akaenda kwenye mashine ya pili, kumi na nane. Ya tatu hivyo hivyo.

Hapo alielewa yote kwa pamoja, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kichapo. Kile kitufe cha kuzima hakikuwa kinazima. Tangu masasisho yaje, ukikibonyeza mashine inafumba macho tu. Inaandika kwenye diski kila ilichokuwa imeshika moyoni mwake, na asubuhi inakishika upya, pamoja na nafasi zote zilizoibwa jana na juzi. Ndiyo maana inawaka upesi siku hizi, na yeye aliwaringia kwa upesi huo. Kilichokuwa kinaitibu Desemba na Januari ni kule kuchomolewa kwa ghafla, bila nafasi ya kuandika chochote. Radi ilikuwa inaitibu. Umeme wa kukatika ulikuwa unaitibu. Ushamba wao wote ulikuwa tiba, na yeye akaleta betri, akasifu chuma, akabandika karatasi ukutani kuipiga tiba marufuku. Kulikuwa hata na kitufe cha pili, cha kuwasha upya, ambacho kingefanya kazi ile ile kwa upole. Hakukigusa hata siku moja kwa sababu alikiona ni mdogo wake yule wa kuzima. Mama Felicitas hakujua kwa nini, lakini alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza.

Hakukuwa na muda wa kumwambia. "Mwalimu, namba," alisema.

Namba ikaja. Kundi likafunguka mara moja.

Wakafanya kazi kama watu wanaozima moto. Mama Felicitas, hajaombwa radhi, aliita majina na kusoma fomu. Mwalimu Ambrose alikalisha watu mbele ya kamera na kuwasukuma watoke. Habumugisha aliandika, na kioo kilifuata vidole vyake. Mvua ilipiga paa kiasi kwamba Mama Felicitas alisoma kwa kupiga kelele. Umeme ukakatika, betri zikashika. Kila mtu dakika nne. Mtu wa tano, saa tisa na nusu. Wa saba, mzee mmoja, alikuwa na jina la ubatizo lisilofanana na la cheti cha kuzaliwa, wakapoteza dakika mbili. Wa kumi alikuwa Dusabe, ambaye alitabasamu kwenye picha kwa woga akaambiwa afunge mdomo wakapiga upya.

Dusabe alipoinuka, ilikuwa saa kumi kasoro dakika nane.

Ilibaki fomu moja mezani. Anonciata alikuwa ameshasimama mlangoni, amejifuta mvua usoni kwa ncha ya kitenge, amevaa shati jeupe aliloazima kwa ajili ya picha.

Habumugisha hakuandika. Alikuwa anahesabu. Dakika nne za kumwingiza, zinabaki nne. Kutuma, dakika sita mpaka saba. Wiki nzima ilikuwa hivyo, hakuna hata mara moja ilipopungua sita. Akimwingiza mkewe, saa kumi itawakuta kundi liko njiani, na watu wote kumi na mmoja wamekwisha. Asipomwingiza, kumi wanapona. Hesabu hiyo hata Nikuze angeiweza.

Mwalimu Ambrose naye alikuwa ameimaliza. Alimwekea mkono begani. "Habumugisha, mimi siwezi kukwambia," alisema. "Amua wewe."

Alimtazama Anonciata. Anonciata hakujua hesabu iliyokuwa inapigwa. Alikuwa amekaza uso tayari kwa picha, kola imenyooka. Habumugisha alitaka sana mtu mwingine abonyeze. Kisha akabonyeza yeye. Tuma.

Mstari wa kijani ulianza kutembea kwenye kioo. Haukusitasita kama siku zote. Ulitembea moja kwa moja mpaka mwisho, na maandishi yakatokea: kundi limepokelewa, watahiniwa kumi. Habumugisha akatazama saa ya mashine. Sekunde arobaini.

Mashine iliyoshiba ndiyo iliyokuwa inatuma kwa dakika saba. Hii ilikuwa na njaa. Alijua kwamba imepona, alijua na sababu, na bado alikuwa ameihesabia ugonjwa wa jana.

Ilikuwa saa kumi kasoro dakika saba. Alibonyeza kundi jipya. Mfumo ukaomba namba ya siri. Alibonyeza tena, ukaomba tena. Mwalimu Ambrose aliinua simu yake juu kuelekea dirishani, kana kwamba tatizo ni mtandao, kana kwamba namba ya nne iko angani inatafuta pa kutua, na ujumbe ukaja kumwambia kwamba namba za leo zimekwisha. Akapiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga nyingine. Habumugisha aliandika namba ya tatu, iliyokwisha kutumika, akakataliwa. Akaiandika kinyumenyume, akakataliwa. Akaandika tarehe ya kuzaliwa ya Nikuze. Mama Felicitas alikuwa anasali kwa Kihaya, midomo tu. Dakika saba ni muda mrefu sana kwa mtu asiyekuwa na la kufanya. Ungetosha kumwingiza Anonciata, kumtuma, na kunywa maji.

Saa kumi kamili ukurasa ulibadilika ukasema usajili umefungwa, na ukamshukuru kwa kutumia mfumo.

Nje, Dusabe na wenzake walikuwa wameona Mwalimu akiweka simu chini, wakadhani ni mwisho mwema. Walipiga vigelegele chini ya mvua. Dusabe alimrukia Anonciata pale mlangoni akamkumbatia mpaka karibu waanguke. "Tumepona, Mama Nikuze, tumepona wote." Anonciata alikuwa anatazama juu ya bega lake, ndani, kwenye fomu iliyokuwa bado mezani peke yake. Akampigapiga mgongoni. "Tumepona," alisema. "Nenda ukapande boda kabla barabara haijateleza."

Akawasubiri waondoke. Ndipo akaingia, akaichukua ile fomu, akaitazama picha ndogo aliyoibandika kwa gundi wiki mbili zilizopita. Mwalimu Ambrose alitoka. Mama Felicitas alitaka kutoka naye, akaishia kusimama karibu na soketi.

"Mashine imenigomea mimi peke yangu?" Anonciata aliuliza.

Kulikuwa na majibu mengi. Kulikuwa na masasisho, na namba tatu kwa siku, na radi, na mzee wa jina lisilofanana, na mama aliyesimama pale karibu na nyaya ambaye tayari alishatukanwa na angeweza kubebeshwa na hili.

"Mashine ilikuwa nzima," Habumugisha alisema. "Muda ulikuwepo. Mimi ndiye niliyetuma mapema."

"Na fomu yangu ilikuwaje ya mwisho? Niliileta ya tatu. Nakumbuka, nilikuja kabla ya Dusabe."

"Niliiweka chini."

"Kwa nini?"

"Watu wasije wakasema."

Anonciata aliikunja fomu mara mbili, akaitia ndani ya daftari la Biolojia. Hakulia, na sauti yake haikupanda.

"Mwaka ule wa Nikuze nilikaa kwa mama yangu miezi mitano," alisema, "tumbo linaonekana, wanaume wa kwetu wanauliza ni nani, nami nakungoja uje useme ni wewe. Ulipokuja nilikuuliza kwa nini ulichelewa. Unakumbuka ulinijibu nini?"

Habumugisha alikumbuka. Alikuwa amemjibu kwa maneno yale yale aliyotoka kuyasema.

Anonciata alijitanda kitenge kichwani. "Kesho niko zamu ya asubuhi," alisema. "Watoto watakula matoke ya jana, uwapashie." Akatoka, akashika njia ya migombani, mvua ikiwa bado haijakatika.